Nargis Bushra Ghattas, Aliyefuta Viatu Vyetu Mlangoni

Abuna Yuanis, mashemasi, ndugu wa ukoo wa Ghattas mliovuka na pantoni ya saa mbili na mliochelewa mkavuka na ya saa tatu, majirani wa Nazlet Fanus, Wakristo na Waislamu, mliojaa humu kanisani na mliobaki uani kwenye viti vya kukodi, kwa niaba ya familia nawapeni pole, nanyi mnipe. Mimi ni Wadida, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bushra Ghattas, wengi wenu niliwafundisha kusoma na kuandika, kwa hiyo natarajia mtanisikiliza mkiwa mmekaa wima. Historia hii ilikuwa imeandikwa na Ghattas, mtoto wa marehemu Nargis, ukurasa mmoja na nusu, tarehe zote sahihi, maneno mazuri ambayo ungeweza kumsomea mtu mwingine yeyote mwema kwa kubadilisha jina tu, nami jana alasiri nikaichukua nikaitia mfukoni nikamwambia nitasoma mimi, na kwa kuwa aliwahi kuchapwa nami darasa la tatu hakubisha.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja lisije likanisumbua njiani. Nina wivu. Mnausikia wimbo unaoimbwa leo, ni wimbo wa furaha, kwa sababu tuko ndani ya Siku Hamsini za Pasaka, siku ambazo kanisa halifungi, halisujudu, wala halilii hata juu ya jeneza, na Nargis amepata kufa katikati yake kama mtu aliyekata tiketi mapema. Mimi najijua, nitakufa wiki ya pili ya Kwaresima, niimbiwe kwa sauti ya huzuni, na watakaokuja kunizika watapewa dengu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 1953, katika nyumba yetu iliyo nyuma ya mtambo wa miwa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Bushra, aliyekuwa akikamua miwa na kupika asali nyeusi, na mama yetu Labiba, akabatizwa alipotimiza siku themanini kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kike, Jumapili tarehe 31 Mei mwaka huohuo, katika kisima kilicho pale kushoto kwangu. Inasimuliwa kwamba alizamishwa mara tatu na hakulia, watu wakasema mtoto huyu ana neema, na inasimuliwa pia kwamba mimi, mwenye miaka minne, nililia mpaka nikamtapikia shemasi kanzu. Kwa hiyo mtaona kwamba mambo haya hayakuanza jana.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akavuka mto kila siku kwenda shule ya kati hadi mwaka 1968, akifaulu kwa kuponea chupuchupu, maana darasani kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Mimi nilikuwa wa kwanza katika kila darasa nililokaa, na sisemi kwa kujisifu, rejista zipo. Baba alipokuwa akirudi kutoka mtamboni, mikono inanata kwa asali, alikuwa akiuliza alama zangu, akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akimpakata Nargis.

Mwaka 1970 alianza kujifunza kushona, na mwezi Juni 1972 akaweka cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitatu, akishona kanzu za wanaume, magauni ya maharusi, na pia, bila kumwomba mtu hata uzi, kanzu nyeupe za mashemasi wote wa kanisa hili. Hao waliosimama hapa mbele wamevaa mkono wake, na yule wa mwisho kulia amevaa kiraka chake.

Sasa nafika kwenye ndoa. Hapa Ghattas aliandika mstari mmoja, kwamba marehemu alifunga ndoa na marehemu Lamii Zakhari Jumapili tarehe 2 Februari 1975, na mstari huo ni wa kweli kabisa. Ila wazee walioko hapa wanakumbuka tarehe nyingine, Jumapili ya 20 Januari 1974, siku moja baada ya sikukuu ya Ubatizo, siku ambayo Lamii Zakhari, karani wa ofisi ya umwagiliaji, kijana mwenye kovu shingoni na sauti ya kusoma Zaburi, alinivisha pete mimi, Wadida, mbele ya Abuna Bisenti, kasisi wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu. Kitambaa cha gauni langu kilinunuliwa mjini Minya mwezi wa Juni, na aliyekuwa akilishona ni Nargis.

Mwezi wa Agosti mama yake Lamii alikuja kupimwa nguo yake ya harusi, na Nargis, akiwa amepiga magoti mbele yake na pini mdomoni, alimwambia maneno ambayo baadaye alinisimulia mwenyewe, moja baada ya jingine, bila kujipunguzia.

“Mama, nina neno, ila usiseme limetoka kwangu.”

“Sema, binti yangu, nani atajua?”

“Dada yangu huanguka. Kifafa. Nyumbani tunaficha, lakini naogopa siku moja aje aanguke na mtoto mkononi.”

Ulimi hauna mfupa, lakini unaweza kuuvunja. Uchumba ukavunjika ndani ya wiki mbili, kwa heshima zote, bila mtu kunieleza sababu, na miezi mitano baadaye Nargis akaolewa na Lamii akiwa ndani ya gauni lilelile, amelipunguza kiunoni. Mimi nilibeba mshumaa. Na neno kifafa likishamkaa msichana katika kijiji hiki halimtoki hata akipanda mnara wa kengele akashuka kwa mguu mmoja, kwa hiyo hakuna mwingine aliyekuja kubisha hodi kwa baba yangu, nami nikawa Mwalimu Wadida, ndivyo mnavyoniita mpaka leo.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, Ghattas, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1976, na Fibronia, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1980, na wajukuu watano. Wote wawili nimewafundisha, wote wawili waliniita mama mkubwa na kunikimbilia mikononi, na hilo nalo liliniuma, kwa sababu jua likishuka walikuwa wakirudi kwake.

Katika Kwaresima ya mwaka 1983 marehemu alikwenda kuungama. Sijui alichosema mle ndani, hiyo ni siri ya toba, najua tu alichotoka nacho, kwa kuwa alinieleza yeye, kwamba alilia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa, na Abuna Bisenti akamsomea ondoleo na kumwekea msalaba kichwani, kisha akamwambia, “Mungu amekusamehe, binti yangu, hilo limekwisha, usirudi kulipekuapekua. Lakini uongo wako bado unatembea kijijini. Pale ulipoutoa ndipo ukauweke ukweli.”

Ijumaa ya mwisho ya mfungo, tarehe 29 Aprili, asubuhi, wanawake tulikuwa uani hapo nje tukichambua na kusuka makuti ya Jumapili ya Matawi, mvua ya usiku imeacha tope, mama yake Lamii amekaa kwenye kiti cha pekee kwa sababu ya miguu, ndipo Nargis akaingia, uso umemvimba, akasimama katikati yetu.

“Jamani, acheni kusuka kidogo. Dada yangu Wadida hajaanguka kifafa hata siku moja tangu azaliwe. Ni mimi niliyesema, na nilisema uongo. Nilimtaka Lamii.”

“Ewe kiumbe,” mama yake Lamii akasema, “unajua unachosema?”

“Nakijua, mama mkwe. Kukisema ndiyo kazi, kukijua nimekijua miaka tisa.”

Kisha akaja nilipokuwa nimekaa, akaanguka kifudifudi, akaweka paji la uso kwenye tope na midomo kwenye viatu vyangu, akasema, “Nimekosa, dada, nisamehe.” Kwetu mtu akikuinamia hivyo jibu linajulikana, hata mtoto analijua, unasema, Mungu akusamehe. Nikalisema. Mkono wangu ulikuwa na kuti, sikuliweka chini. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakalia, mama yake Lamii akaja akanibusu kichwa akisema mimi ni mtakatifu, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba nilikuwa nimemtuma Mungu kazi iliyokuwa yangu.

Tangu Jumapili ile ya Matawi, tarehe 1 Mei 1983, marehemu alikuwa mtu mwingine. Alikuja kanisani kabla ya kengele, hakwenda mbele wanakokaa wake za makarani, alikaa chini, pale penye mlango wa wanawake, juu ya gunia, na kila aliyevua viatu akaingia, yeye alivichukua, akavifuta tope kwa kitambaa, akavipanga kwa jozi, visigino vikielekea mlangoni ili mwenyewe akitoka avivae bila kuhangaika. Hakupewa kazi hiyo na mtu. Na mikono ikiendelea kufuta alikuwa akiimba, tena akiimba kwa sauti ambayo si nzuri, mwacheni marehemu lakini ukweli usemwe, sauti kama mlango wa ghala, ila aliimba na mwili mzima, na pazia la madhabahu lilipofunguliwa aliweka kitambaa chini na kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyepata, si cha aliyepoteza.

Na hapo ndipo wivu wangu ulipokuja kupata nyumba ya kudumu. Mume nilimezea, ndugu zangu, niliona wengi wameporwa mume na dunia ikaendelea, lakini kanisa lilikuwa langu. Ni mimi niliyefunga mifungo yote saba tangu nina miaka kumi na miwili bila kuonja hata ncha ya kijiko, mimi niliyejua saa zote za sala kwa moyo, mimi niliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo yote pazia limefunguliwa mbele yangu mara elfu kadhaa na jicho langu limebaki kavu. Halafu aliyeniibia maisha anakaa mlangoni na gunia, na Mungu anampitia yeye kwanza. Nilikaa safu ya mbele na bado nilijua kila anachofanya huko nyuma, nilijua kwa mgongo.

Msimu wa baridi wa mwaka 1986 nilikuwa nikipita kwa makusudi ukingoni mwa mfereji, mahali nyati wa kufugwa wanaponyweshwa, ili nifike na viatu vyenye tope mpaka kwenye kamba. Nawaambieni ili mnijue. Nikitoka nilivikuta safi, vikavu, vya kwanza katika safu, nikavaa na kupita bila kusema asante. Jumapili ya nne au ya tano akaniinulia macho.

“Dada, njia ya kwenu imeharibika siku hizi?”

“Imeharibika sana.”

“Pole,” akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Kisha ikaja Jumapili ya Tomaso, tarehe 14 Aprili 1991, wiki moja baada ya Pasaka. Kila mtu aliyekulia hapa anajua kwamba katika Siku Hamsini hatusujudu, tunasimama, kwa kuwa Bwana amefufuka, na marehemu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, lakini siku ile Mwili na Damu vilipoinuliwa niligeuka, na ninyi mnajua nilikuwa natafuta nini nilipogeuka, nikamkuta yuko chini kifudifudi, mikono imekunjuka mbele, mtu mzima mwenye watoto wawili, peke yake katika kanisa zima lililosimama. Niliona kama nimeletewa zawadi. Tulipotoka nilimsubiri hapo mlangoni wanawake wote wakiwapo.

“Wewe Nargis, umebatizwa jana? Tangu lini Hamsini ikasujudiwa?”

Akashika mdomo. “Ee, dada! Nimesahau kabisa. Nilikuwa nimefurahi.”

“Umefurahi! Kanisa lina sheria, si ngoma ya harusi.”

“Kweli, nimekosa. Abuna, nimekosa,” maana Abuna Bisenti alikuwa ametokea nyuma yetu, nami nikajipanga kusikia haki ikitendeka.

“Sheria ni sheria, Nargis, usirudie,” Abuna akasema, halafu akacheka, akanigeukia mimi. “Mwalimu, wewe umewahi kukosea namna hii?”

“Kamwe, Abuna.”

“Pole,” akasema naye, na nikaenda nyumbani nimechemka, nikala nyama ya Pasaka kama ninayetafuna kamba.

Nirudi kwenye utaratibu. Lamii alifariki tarehe 3 Novemba 2003 kwa ugonjwa wa ini, na marehemu alimuuguza miezi kumi na moja bila kuchoka. Mimi nilivaa nguo nyeusi mwaka mzima, na mtu aliponiuliza nilisema ni za mama, aliyekuwa amefariki mwezi wa Agosti. Nargis hakuniuliza. Alikuja siku ya arobaini, akaketi karibu nami, akanikabidhi kitabu cha Zaburi cha Lamii, akasema tu, “Hiki kikae kwako,” na nikakichukua, na moyo wangu ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilichofikiria ni kuwa sasa atasifiwa hata kwa hili.

Kuna jambo ambalo watu wa nje ya mtaa wetu hawalijui. Tangu ile Ijumaa ya mwaka 1983, kila Ijumaa, marehemu alikuja kwenye kizingiti cha nyumba yangu kabla ya magharibi, akainama mpaka paji la uso likagusa jiwe, akasema, “Nimekosa, dada, nisamehe,” nami nikasema, “Mungu akusamehe,” akainuka akijifuta vumbi, na hapo ndipo alipoanza kuuliza habari za kuku. Katika Hamsini hakuinama, alisema kwa mdomo akiwa amesimama. Miaka arobaini na moja. Majirani walimwambia mara nyingi kwamba yatosha, hata mimi nilimwambia, kwa ukali, kwamba ananitia aibu barabarani, akajibu, “Basi nikaribishe ndani niinamie huko,” na nilikuwa na kazi, sikumkaribisha.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2009, akaacha cherehani mwaka 2015 macho yalipopungua, akapata kidonda cha mguu wa kulia kilichokataa kupona, na tarehe 17 Oktoba 2022 akakatwa mguu huo chini ya goti katika hospitali moja ya Minya. Nilidhani sasa ule mlango utapumzika. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Fibronia alimleta kwa kiti cha magurudumu, akashushwa juu ya gunia lake, akavuta viatu kwa ndoano ya kutundikia nguo, akafuta. Mtoto mmoja alimuuliza mbona yeye ana kiatu kimoja, akamwambia, “Kingine nimekitanguliza,” na watu wakacheka mpaka shemasi akatunyamazisha. Nami nilicheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Mwaka huu, baada ya Pasaka ya tarehe 5 Mei, figo zilimzidi. Ijumaa tarehe 24 Mei hakuja kwenye kizingiti changu. Jua lilishuka, nikajikuta nimesimama mlangoni nimeshika ufagio ambao sikuwa na kazi nao, mpaka Fibronia akaja akikimbia.

“Mama mkubwa, mama anakuita. Anasema leo zamu yako kuja.”

Nilimkuta amelala karibu na dirisha, amekuwa mdogo kama alivyokuwa darasa la pili. Alinishika kifundo cha mkono, hapa penye chale ya msalaba, tuliyochanjwa siku moja kwenye sherehe za monasteri mimi nikiwa na miaka tisa na yeye mitano, ambapo yeye hakulia.

“Nimekosa, dada, nisamehe.”

“Mungu akusamehe,” nikasema.

Akacheka kidogo, akakohoa, akasema, “Huyo alinisamehe zamani. Huyo nina uhakika naye. Nakuuliza wewe.”

Nikamwambia apumzike.

“Miaka yote hii unafikiri sijui?” akasema. “Mimi ni mshonaji, Wadida. Nguo iliyoshikizwa kwa pini tu naijua.”

“Kama ulijua, ulikuwa unakuja kufanya nini?”

“Nilikuwa nakuja ili siku utakapotaka kunipa, usipate taabu ya kunitafuta.”

“Na furaha yote ile kanisani? Mlangoni pale, na kuimba? Nilidhani ni kwa sababu uliamini nimekusamehe.”

“Kwa sababu Yeye alinisamehe, dada. Wewe ulikuwa hujanipa hata chembe na bado nilikuwa nashindwa kuketi kimya. Kila kiatu nilichokifuta nilikuwa namwambia asante, sikuwa na kingine cha kumpa. Nikawa nasema, na huyu dada yangu akija kuonja hii, na sauti yake ile nzuri, kanisa litapasuka.”

Ndugu zangu, nilikuwa na neno kwenye ulimi, neno moja, hata mtoto wa chekechea analiweza. Nikasimama. Nikasema nimeacha maharage motoni. Akaniachia mkono, akasema, “Nenda, dada, yasiungue.” Hakukuwa na maharage motoni. Nilikwenda nyumbani nikakaa mbele ya jiko lisilo na moto, nikamwonea wivu hata kufa kwake, kwamba anakwenda mwepesi namna ile na mimi nabaki na mzigo wake mikononi, mzigo ambao yeye mwenyewe hakuwa nao tena. Nilisema nitakwenda kesho. Jumamosi nilifua. Jumapili nilikuwa kanisani, viatu vilikuwa vimezagaa mlangoni kama mbuzi wasio na mchungaji, na kuvipata vyangu nilichukua robo saa. Jumatatu nilifika mpaka kwenye kona ya nyumba yake nikarudi. Jumanne tarehe 28 Mei 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, marehemu Nargis alifariki dunia nyumbani kwake, Fibronia akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na sita.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Minya waliomhudumia, hasa muuguzi Hoda, aliyevuka mto kila Jumatatu kuja kufunga kidonda na ambaye marehemu alimshonea gauni bila kuona vizuri, na Hoda akalivaa hivyohivyo na mkono mmoja mrefu. Tunamshukuru jirani yetu Haji Mugahid na wanawe, waliombeba mikononi kila pantoni ilipokosa daraja la kiti chake, na ambao tangu jana wamewalisha wageni wetu. Tunawashukuru washonaji wenzake, waliomvika jana nguo aliyoikata mwenyewe mwaka 2014 na kuiweka sandukuni. Tunamshukuru Abuna Yuanis kwa kunipa nafasi hii ambayo hakujua ingemfikisha wapi.

Abuna Bisenti alisema pale palipotolewa uongo ndipo uwekwe ukweli. Uongo wa Nargis ulitolewa chumbani, ukweli wake ukasemwa uani. Uongo wangu nimeutoa humuhumu, miaka arobaini na moja, nikikaa safu ya mbele kama mtu aliyesamehe, kwa hiyo ukweli nauweka humuhumu. Nargis, mdogo wangu, binti Labiba, nimekusamehe. Mimi, Wadida. Nimekusamehe gauni, nimekusamehe Lamii, nimekusamehe hata neema, ambayo hukuniibia, nilikuwa nimeifungia mlango mwenyewe. Neno lenyewe ni dogo hivi, na nimelichelewesha siku tano.

Abuna, siku nazijua. Tuko siku ya ishirini na tano ya Hamsini, haisujudiwi, na aliyemkaripia mtu hapo mlangoni kwa kosa hili ni mimi. Nitaungama kesho. Ghattas, njoo unishike mkono, magoti yangu yana miaka sabini na mitano, na usiniinue mpaka nikwambie. Nargis, nimekosa, nisamehe. Na ninyi msinijibu kwa niaba yake lile jibu letu, nawaomba, nimelitumia vibaya mno. Jibu lake ninalo, nililivaa miguuni kila Jumapili.

Mkimaliza kumuaga msitoke kwa kusukumana. Nipeni nafasi nitangulie mlangoni, Fibronia amenipa kitambaa, viatu ni vingi, na mimi kazi hii bado siijui. Lala kwa amani, Nargis, na ukinisikia naimba huko nyuma, usicheke.